Maji ya Kuoga ya Sultani Hamduni

Palikuwa na sultani aliyegombana na maji. Jina lake Hamduni, mji wake Shungi, na tumbo lake lilifika mlangoni kabla yake. Alikuwa amejengewa hamamu ya mawe meupe, akataka maji yamfikie humo kwa bomba, yakiwa tayari kwa kuoga. Hapo pana kosa gani? Hapana. Kosa lilikuwa kwenye masharti. Maji ya moto aliyachukia, maana yaliwahi kumbabua mgongo. Ya baridi yalimtia mafua. Na ya vuguvugu, alisema, ni ya kuoshea masufuria. Basi akatangaza: fundi amletee maji yasiyo ya moto, yasiyo ya baridi, na yasiyo ya vuguvugu. Atakayeshindwa, gerezani.

Wakaenda mafundi watatu. Wa kwanza alizidisha kuni, sultani akaruka kama bisi. Wa pili alipunguza kuni, sultani akapiga chafya mpaka kilemba kikadondoka. Wa tatu, Silima, alikuwa mtu makini mno; aliupima moto wake kijiti kwa kijiti. Sultani akachovya kidole, akasema neno moja tu: "Masufuria." Wote watatu wakafungwa.

Huyo Silima alikuwa na mdogo wake, Ngwali, fundi bomba maskini, mwenye ulimi mkali kuliko msumeno wake. Habari zilipomfikia hakula siku nzima. Alijua kaka yake hakukosea kitu. Kesho yake akapiga moyo konde, akaenda barazani, akasema kazi hiyo ataifanya yeye. Ila aliomba iandikwe. Sultani aseme anataka maji gani hasa. Yakipatikana, mafundi wote waachiwe. Yasipopatikana, naye awe wa nne. Sultani akaona huo mchezo mtamu, akarudia masharti yake yale yale matatu. Kadhi akaandika neno kwa neno, muhuri ukapigwa.

Ngwali akafanya kazi siku sita. Alilaza mabomba ya shaba, akajenga tanuri nyuma ya ukuta, akaunga kila kiungo mpaka hakikupitisha hata pumzi. Bomba halikumpa shida. Shida ilikuwa kitu cha kupita ndani yake, na kwa siku tano hakujua atafanyaje; usingizi ulimkimbia, mashavu yakabonyea. Siku ya sita, akiwa ameinama ndani ya birika la juu ya dari, anafuta vumbi kabla ya kulijaza, akaanza kucheka peke yake. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akateremka, birika akaliacha vile vile.

Siku ya saba sultani akaja na taulo begani, kadhi nyuma, na baraza zima. Akajitumbukiza kwenye beseni la mawe. Ngwali akafungua bilula. Bomba likafanya fyuu, likanyamaza. Watu wakangoja.

"Mbona hakuna kitu?" akauliza sultani.

"Tayari, Maulana. Je, yamekuunguza?"

"Yaniunguze nini?"

"Kadhi aandike, si ya moto. Umesikia baridi?"

"Baridi itoke wapi? Nimekaa hapa mkavu kama ng'onda."

"Si ya baridi. Basi ni ya vuguvugu?"

Sultani akamgeukia kadhi. Kadhi alikuwa ameshainua kalamu.

"Si ya vuguvugu," akasema sultani kwa taabu. "Lakini haya si maji, Ngwali."

"Ndiyo uliyoagiza, Maulana. Anayesema siyo yenyewe, atuletee yenyewe, tulinganishe. Bomba lipo, nitayapitisha sasa hivi."

Sultani akawageukia watu wake. Mawaziri wakatazama vidole vyao vya miguu. Mmoja mabega yalimtikisika, akajifanya anakohoa. Kadhi akasoma karatasi mara ya kwanza, akasoma mara ya pili akimtafutia bwana wake pa kutokea, asipaone. Akasema kwa sauti ndogo kwamba masharti yametimia, yote matatu, na muhuri ni wa Maulana mwenyewe.

Mafundi wakafunguliwa. Silima akatoka na ndevu za wiki nzima, akaletwa hamamuni kumshukuru sultani kama ilivyo desturi, akamkuta kwenye beseni kavu na taulo lake. Ilimbidi aume kilemba asicheke. Ngwali akamshika mkono kaka yake, akaushika sana, kisha akaanza kutia nyundo na misumeno kikapuni.

Sultani akabaki amekaa. Hasira zilimpanda, zikamshuka, na bado alikuwa na jasho la tangu jana.

"Haya, umenishinda," akasema. "Lakini mimi nimekuja kuoga, na kuoga ni kulowa. Nataka kulowa."

Ngwali akalitazama bomba. Akamtazama sultani. Akajikuna shingo taratibu, kama mafundi wote wafanyavyo.

"Kulowa, Maulana? Hiyo ni kazi nyingine."