Mayai ya Bi Kanga na Taarifa ya Diwani

Paukwa!

— Pakawa!

Nimewasikia wa mbele tu. Nyie mnaochoma mihogo huko nyuma, midomo imejaa nini? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale, kabla kanga hajajifunza kumkimbia kila anayemchekea, palikuwa na kijiji kikiitwa Mchakani. Watu na wanyama waliishi humo pamoja, wakichota maji kisima kimoja na kugombana kwa lugha moja. Na kijiji hicho kilikuwa na mwiko wake. Mchakani hakuna aliyehesabu watoto. Hakuna aliyehesabu vifaranga, wala mayai, hata kimoyomoyo, maana waliamini kuwa kuhesabu ni kuviita vife. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi, alikujibu kwamba wapo wa kujaza mkeka. Ukirudia kuuliza, alikutazama vibaya mpaka uondoke.

Humo aliishi Bi Kanga. Jirani yake alikuwa Bi Mashavu, mwanamke mfinyanzi wa vyungu, na walipendana sana. Kila asubuhi Bi Mashavu alimmwagia mtama kidogo, na Bi Kanga naye alimpigia kelele akiona nyoka karibu na shimo la udongo.

Mwaka huo Mchakani walichagua diwani mpya, Mheshimiwa Nguchiro. Msinicheke, ndiye waliyemchagua. Alikuwa mwembamba, mwenye adabu, na macho mekundu kama ya mtu asiyelala kwa kuwafikiria wananchi. Diwani wa kabla yake alionekana wakati wa kura tu. Huyu alipita nyumba kwa nyumba. Alipiga hodi mara tatu, akasubiri akaribishwe, akaulizia wagonjwa kwa majina yao. Na kila siku ya gulio, asubuhi, alipanda juu ya kichuguu akatoa taarifa ya usalama, na kila taarifa aliimaliza kwa maneno yale yale:

"Usalama upo, ulinzi upo, na mimi nipo."

Watu wakapiga makofi. Bi Kanga naye alipiga mabawa.

Siku moja Diwani akafika kwa Bi Kanga. Alimkuta ameyalalia mayai nyuma ya kisima. Akasimama mbali kwa heshima, akamuuliza ana shida gani. Tangu azaliwe, Bi Kanga hakuwahi kuulizwa swali hilo na mkubwa yeyote, akajisikia machozi yanamlengalenga. Akamweleza yote. Diwani akamuuliza tena, huenda kunywa maji saa ngapi, ili ulinzi uimarishwe wakati huo. Bi Kanga akamwambia huenda jua likiwa utosini.

Kesho yake jua likiwa utosini Bi Kanga akaenda kunywa maji. Aliporudi, kiota kilikuwa kitupu. Hapakuwa na damu, hapakuwa na unyoya, hapakuwa na ganda.

Diwani alikuwa wa kwanza kufika. Akalia naye, tena akalia kwa sauti kuliko mwenyewe. Siku ya gulio akatangaza kwamba wezi wametoka ng'ambo ya mto, akamwagiza Mzee Kobe, mkuu wa sungusungu, apeleke vijana wote mtoni. Usalama upo, ulinzi upo, na mimi nipo.

Bi Kanga akataga tena, safari hii ndani ya shamba la mtama. Diwani akamjia, akamuuliza, akaambiwa. Jua likiwa utosini mayai yakaondoka. Taarifa ikasema wezi wameshuka kutoka mlimani, na sungusungu wakahamishiwa mlimani, Mzee Kobe nyuma yao akihema. Usalama upo, ulinzi upo, na mimi nipo.

Hapo ndipo shaka ilipomwingia Bi Kanga, ikamkaa kama mchanga machoni. Akawa haamini mtu. Akimwona Kunguru anakohoa, hujiuliza amekwamwa na nini. Akimwona Mzee Kobe anasinzia, hujiuliza ameshiba nini. Na asubuhi moja, akila mtama wake uani kwa Bi Mashavu, akaona kitu kwenye bonge la udongo ambalo rafiki yake alikuwa analikanda. Kilikuwa cheupe, chembamba, kimepinda. Kipande cha ganda la yai.

Bi Mashavu alikitoa kile kipande kwa ukucha akakitupa, akalalamika kwamba siku hizi udongo wake una takataka nyingi na vyungu vinapasuka motoni. Bi Kanga aliitikia mhm, mhm, mhm. Kuanzia siku hiyo hakurudi tena, na Bi Mashavu alipomwita kutoka uani alijifanya hasikii.

Diwani alipokuja kumjulia hali, Bi Kanga akamwambia habari ya lile ganda. Nguchiro akasema kwa upole kwamba amefanya jambo la kizalendo, na kwamba suala hilo atalishughulikia yeye mwenyewe. Alipokuwa anaondoka akageuka.

"Na sasa hivi umetaga wapi, mama? Nipange ulinzi."

Bi Kanga kweli alikuwa ametaga mara ya tatu, chini ya kichaka cha miiba, na mvua za kutagia zilikuwa zinakwisha. Yakipotea na haya, mwaka huo hana mtoto. Mdomo ulifunguka kumjibu, lakini hata yeye hakujua kilichomzuia. Akasema atamwonyesha baada ya mkutano wa gulio.

Siku ya gulio uwanja ukajaa. Diwani akapanda kichuguu akiwa na karatasi ndefu, kwa maana alitaka taarifa ya siku hiyo iwe na uzito. Akasema wizi umechunguzwa, na mhusika amepatikana. Ni Bi Mashavu, mfinyanzi. Jirani yake wa karibu ameona maganda kwenye udongo wake. Kwa usalama wa wote, ahame Mchakani kabla jua halijazama.

Bi Mashavu aligeuza shingo, akamtafuta Bi Kanga kwa macho katikati ya watu, akampata. Bi Kanga akatazama chini.

Nguchiro akaendelea kusoma. "Ndugu wananchi, hasara ni kubwa. Yameibwa mayai ishirini na matatu. Kumi na mawili nyuma ya kisima, na kumi na moja kwenye shamba la mtama."

Uwanja mzima ukashtuka. Akina mama wakawafunika watoto vichwa, wengine wakatema mate pembeni kuliondoa baa. Mheshimiwa akainua mkono akaomba radhi, akasema serikali haiendi bila takwimu. Watu wakaanza kutulia.

Bi Kanga hakutulia. Manyoya yalimsimama yote. Hakuwa akijua mayai yake yalikuwa mangapi. Mama yake hakumfundisha kuyahesabu, na yeye hakuthubutu hata siku moja. Aliyalalia, akayapindua, akayapenda, basi. Sasa kuna mtu anayajua moja moja.

Akapita katikati ya miguu ya watu mpaka chini ya kichuguu.

"Mheshimiwa, nani alikuhesabia?"

Diwani akatabasamu. Akasema aliyaona siku ile alipomtembelea.

"Siku ile nilikuwa nimeyalalia, na wewe ulisimama mbali. Nani alikuhesabia?"

Diwani akajikuna shingo. Akasema ni sungusungu, waliandika wakati wa doria. Watu wote wakamgeukia Mzee Kobe. Mzee Kobe akatoa kichwa nje taratibu, akasema yeye alipelekwa mtoni, kisha mlimani, na huko mlimani ndiko anakotoka sasa hivi. Kiotani hajawahi kufika, na kwa mwendo wake angefika vifaranga wameshaoa. Wengine wakacheka, lakini kidogo.

"Mheshimiwa," Bi Kanga akasema mara ya tatu, "nani alikuhesabia?"

"Nilihesabu maganda," Nguchiro akasema haraka.

Mchakani nzima walitafuta maganda siku tatu hawakuona hata moja. Ndipo Bi Mashavu akasogea mbele. Mikono yake ilikuwa bado na udongo.

"Maganda mimi nimeyaona," akasema. "Yamo kwenye udongo wangu, hilo sikatai. Lakini hamjaniuliza udongo nauchimba wapi."

Akasema, toka shimo la zamani lijae maji, anachimba nyuma ya uzio wa Mheshimiwa, karibu na lile jiwe jeusi. Watu hawakungoja aseme zaidi. Wakaenda, wakubwa na wadogo. Nyuma ya uzio wa Diwani wakalikuta jiwe jeusi lina ute uliokauka, na chini yake maganda yamelala mengi, mapya juu ya makuukuu, mengine madogo ya kwale, mengine makubwa ya bata. Kumbe kazi ilikuwa ya siku nyingi. Nguchiro hushika yai kwa mikono yake, hulipitisha katikati ya miguu, na kulibamiza kwenye jiwe.

Waliporudi uwanjani kumtafuta, kichuguu kilikuwa kitupu. Karatasi ilibaki pale inapeperuka. Bata mmoja akasema polepole kwamba basi usalama upo, ulinzi upo, na yeye hayupo. Hakuna aliyepiga makofi.

Bi Kanga alikwenda kwa Bi Mashavu jioni ile ile. Alisimama nje akapiga hodi mara tatu. Akamwambia, "Nilikutilia shaka wewe uliyenilisha, nikamwamini aliyenila. Nisamehe, dada." Bi Mashavu akamwaga mtama chini. Walikula pamoja. Lakini Bi Mashavu hakumwuliza kiota cha tatu kiko wapi, na Bi Kanga hakumwambia. Wote wawili waliliona hilo, likawauma.

Vifaranga walianguliwa chini ya miiba. Walikuwa wa kujaza mabawa.

Mchakani wakamchagua Mzee Kobe awe diwani, na alikuwa mwema, nawaambieni kweli. Siku moja akajikokota mpaka kwa Bi Kanga, akapiga hodi, akaulizia shida zake na mahali anapolala na watoto, ili awaletee mlinzi. Bi Kanga akamtazama miguu. Akamtazama mikono. Akamtazama mdomo. Kisha akawaita wanawe, wakakimbilia majanini, naye nyuma yao, wala hakugeuka. Mzee Kobe alibaki pale mlangoni na jibu la hodi hakupata.

Hata leo mwendee kanga na tabasamu lako uone.

Hadithi yangu imefika kwenye mlango ule, imekuta hakuna wa kuikaribisha, nayo inaishia hapo.