Liwali Aliyetupwa Nje na Amri Yake

Hapo zamani, huko Korea, palikuwa na liwali aitwaye Maeng, aliyeitukuza Uchina kuwashinda Wachina wenyewe. Aliandika Kichina kitupu, akavaa joho la Kichina lenye mikono mirefu hata akitaka kujikuna pua sharti aite watumishi wawili. Herufi za Kikorea alizipiga marufuku, pamoja na vijikoti vifupi wavaavyo wanawake wa huko.

Basi siku moja ya baridi kali, mwanamke aitwaye Okbun alikamatwa akimwandikia dada yake barua kwa herufi za kwao, naye amevaa kijikoti. Akatiwa gerezani ndani ya ua wa liwali. Mumewe, Deokbo, hakuwa na mbele wala nyuma, ila alimpenda mkewe mno. Akaenda barazani roho ikimwuma.

"Ewe Liwali, nisomee amri yako, nipate kuitii."

"Chochote kisichotoka Uchina kisikae ndani ya ua wangu! Askari atakayekiacha, bakora hamsini!"

"Bwana wangu, mke wangu kazaliwa bonde lile pale. Uchina hajaiona hata kwa mbali. Mbona mwamweka uani?"

Askari wakatazamana, wakazikumbuka bakora, wakamtoa Okbun mbio. Kisha wakatoa mitungi ya kabichi la pilipili, wakazima na moto wa chini ya sakafu upashao nyumba joto, kwa kuwa hiyo ni desturi ya Korea.

"Acheni, wapumbavu!" akafoka Liwali.

Mkuu wa askari akainama. "Uniwie radhi, bwana mkubwa. Wewe ulizaliwa wapi?"

Mji mzima ulijua mamaye aliuza maharage sokoni hapo hapo. Basi wakamvua joho kwa adabu, maana hilo lilikuwa la Uchina, wakamweka nje kwenye theluji na nguo zake za ndani. Nao wakatoka, maana hata wao walizaliwa Korea, wakafunga lango.

"Naifuta amri!" akalia Liwali.

"Iliandikwa, bwana, nayo ifutwe kwa maandishi."

Akaandika Kichina kwa kidole thelujini. Askari wakakodoa macho. "Yapendeza, lakini yasemaje?"

Ikawa hapana budi kumsihi Okbun. Akaandika kwa herufi za kwao kwenye karatasi, na Liwali, asiyezijua, akatia dole gumba pasipo kuuliza. Mkuu wa askari akasoma kwa sauti:

"Amri imefutwa. Lango lifunguliwe. Joho apewe Deokbo."

Liwali akatahayari, kisha akacheka hata akaketi chini. Tangu hapo kila asubuhi alikwenda kwa Okbun kujifunza kusoma herufi za Kikorea, apate kujua kwanza anachotia dole.