Spika za Bwana Kirumba

Bwana Kirumba alipanga nyumba ya likizo huko juu Rungwe, akafungulia spika zake mpaka migomba ikatetemeka. Katika nyumba ya jirani, mjukuu wa Bi Tusajigwe, aliyezaliwa juzi tu, akawa hapati hata lepe la usingizi. Bibi akaenda kupiga hodi.

"Punguza kidogo, baba. Tuna kichanga."

"Bibi, nimelipia! Mpaka Jumapili hapa ni kwangu!"

"Kwako kabisa?"

"Kwangu kabisa!"

"Basi ongeza, baba, wasikie hadi ng'ambo ya bonde."

Kirumba akacheka, akaongeza. Haukupita muda, uwanja ukafurika majirani, kila mmoja na sahani yake.

"Hongera, mwenye nyumba!" mzee mmoja akamkumbatia. "Huku kwetu anayepiga muziki ameita watu kula. Ng'ombe umemfunga wapi?"

"Ng'ombe? Jamani, mimi mgeni tu!"

Akazima spika mbio mbio, akawaaga watu kwa kunong'ona.

Kichanga kikalala fofofo. Atupele, mama yake, akauliza, "Mama, mila hiyo mbona mimi siijui?"

"Utaijulia wapi?" Bi Tusajigwe akasema huku akifuta sahani yake. "Mila yenyewe ni changa kuliko huyo mwanao."