Mfuko wa Kindi Uliopiga Kelele

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba, mashamba na majirani wasiosemezana, palikuwa na Kindi, mjane mwenye watoto wengi na mkia mkubwa kuliko mwili wake.

Mwaka mmoja jua lilikuwa kali mno. Wanyama wakakusanya karanga zao zote za mbegu, wakazitia katika mfuko mmoja, wakauweka nyumbani kwa Ngiri, maana meno yake yalitisha. Kiboko akawekwa mlangoni, kwa sababu akikaa mlangoni, mlango wenyewe hauonekani.

Hata hivyo, mfuko ukawa unapungua.

"Mwizi ni Kindi," alisema Ngiri barazani kwa Bi Tembo, mkuu wa kijiji. "Nani asiyejua habari za kindi na karanga?"

"Tena ni mdogo," akaongeza Kiboko. "Alinipita miguuni nisimwone."

Kindi alikuwa amekaa karibu na Kiboko, na harufu ya karanga ilikuwa ikimtoka Kiboko kinywani. Lakini nani angemsikiliza?

"Mama Kindi, mfuko ukipungua tena utahama na wanao," alisema Bi Tembo. "Sina la kufanya."

Kuhama! Nje ya kijiji hapakuwa na mti wala tone la maji. Kindi akaondoka akilia, akakatiza porini bila kuangalia njia. Alipofika kwake, mkia ulikuwa umejaa vishonanguo, zile mbegu za magugu zinazong'ang'ania nguo za wapita njia.

Akang'oa kimoja. Krrr! Akakirudisha. Kikanata, kimya kabisa. Akaking'oa tena. Krrr!

Akakisogeza jichoni. Kumbe kina vindoana vidogo vidogo, vimeshika manyoya! Kindi akasahau kulia.

Kesho yake alikwenda barazani na mfuko mpya wa ngozi. Upande mmoja wa mdomo wa mfuko alikuwa ameshonea vishonanguo, safu kwa safu. Upande wa pili alishonea manyoya, na mkia wake sasa ulikuwa mwembamba kama kamba.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Kamba ya mfuko wa zamani imechakaa. Huu hauna kamba wala fundo. Unabana hivi, basi." Pap!

Ngiri na Kiboko wakatazamana.

"Kwa hiyo mtu akiufungua, kisha akaufunga," aliuliza Kiboko, "hajulikani?"

Ngiri akamkanyaga mguu. "Anauliza tu," akasema.

"Ameuliza vizuri," alisema Kindi. "Fundo ndilo husema kwamba mkono mwingine umepita. Hapa fundo hakuna."

"Mfuko mzuri sana," alisema Ngiri.

Bi Tembo akakubali, karanga zikamiminwa humo, na mfuko ukapelekwa kwa Ngiri. Kindi hakuwaonyesha unavyofunguliwa. Na wala hawakumuuliza.

Mchana, jua la utosi, kijiji kizima kilijilaza vivulini. Kindi alipanda juu ya paa la Ngiri. Je, wasipoufungua leo? Je, usipolia vya kutosha?

KRRRRRRR!

Njiwa wakaruka. Bi Tembo akafumbua jicho moja.

"Funga! Funga!" sauti ya Ngiri ikasikika ndani. Pap! "Haya, sasa fungua polepole."

Krr... krr... krr... KRRRRR!

"Nimesema polepole!"

"Ndiyo polepole yenyewe hiyo!"

Kijiji kizima kikajazana mlangoni.

"Kuna nini humo?" aliuliza Bi Tembo.

"Hakuna kitu, Bi Mkubwa," alijibu Kiboko, mashavu yamejaa. "Ni tumbo langu linanguruma."

"Kwa njaa?"

Kiboko akafikiri. "Hapana," akasema. Kisha akasema, "Ndiyo."

Ngiri akatoka. Alikuwa ameingiza kichwa mfukoni, na alipokitoa, vishonanguo vikamshika manyoya ya shavu. Mfuko ulikuwa unaning'inia shavuni.

"Bwana Ngiri, mfuko wetu uko wapi?" aliuliza Bi Tembo.

"Mfuko gani?" alisema Ngiri. Karanga moja ikadondoka.

"Huo," alisema Kindi kutoka juu ya paa.

Ngiri akageuka autazame. Mfuko nao ukageuka naye.

Bi Tembo akamwomba Kindi radhi mbele ya watu wote. Mvua iliponyesha, Ngiri na Kiboko ndio waliolima mashamba yote, tena bila kuonja hata punje. Kindi akaletewa mifuko, mikoba na makoti avitilie vifungo vya vishonanguo, na watoto wake wakala karanga mpya mchana kweupe, hakuna aliyewauliza wamezitoa wapi.

Kisa changu kimeishia hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: mwenye nguvu akikuonea, tumia kwanza macho yako kabla hujatumia miguu.