Baragumu la Hunydd na Ngome ya Bwana Fulko

Sogeeni karibu, niwapeleke nchi ya Wales, zamani za Wanormani, wavamizi waliojenga ngome juu ya kila kilima kisicho chao.

Bwana Fulko alijenga yake kwenye malisho ya mjane mmoja, Hunydd. Watu wa bonde wakaasi. Fulko akawakamata wanaume arobaini, wanyongwe Jumapili. Hunydd akaenda kwa jini la ziwani, akapewa baragumu.

"Lipulize mara tatu," jini likamwambia. "Lakini ukiogopa, halitalia."

Hunydd akasimama langoni mwa ngome.

"Mwanamke, umekuja kuomba msamaha?" Fulko akauliza.

"Nimekuja kukuangalia. Nilisikia wewe ni mkubwa."

Fulko akatuma wapanda farasi. Hunydd akapuliza, farasi wakawabwaga matopeni, wakaenda kula majani. Ikaja mishale. Akapuliza, ikawa mabua. Kisha Fulko akaja na upanga, na hofu ikamwingia Hunydd. Ndipo alipoona bwana huyo anatembea nyuma ya mtumishi aliyebeba ngao. Hofu ikamtoka, akapuliza. Mawe ya ngome yakabingirika hadi mtoni yalikotolewa, na wafungwa wakatoka wazima.

Askari wote wakakimbia. Fulko akapiga magoti, akanyoosha shingo.

"Niue kwa upanga, kama anavyouawa bwana."

Hunydd akamtazama toka utosini hadi viatuni.

"Nina kondoo wa kukamua," akasema. "Njia ya kwenu ni ile."

Akaenda zake, nami naishia hapo. Kama Fulko alifika kwao, hakuna aliyejali kuuliza.