Kiti cha Pili cha Mzee Haule

Hii ilinifikia asubuhi nikiwa nakaanga chapati, nikacheka mpaka chapati ikaungua. Isome taratibu, halafu mpelekee mtu yeyote mwenye mume au mke. Usikae nayo peke yako.

Songea alikuwapo mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, jina lake Mzee Haule. Mwili Mungu alimjalia, tena hakumpunja. Alikuwa mtu wa mizaha na moyo mweupe, lakini akikaa kwenye kiti, kiti kinajua kimekaliwa.

Kila mwezi alipanda ndege kwenda Dar es Salaam kuchagua vitenge Kariakoo. Basi alishaliacha, maana magoti yalikuwa yamegoma. Sasa siku moja jirani yake kwenye ndege, bwana mmoja mwenye tai, alilalamika mbele za watu kwamba anabanwa. Mzee Haule aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Tangu siku ile akawa ananunua viti viwili, kimoja cha kukalia na kingine cha kulinda heshima yake. Kwenye kile cha pili aliweka kofia yake ya pama.

Mkewe, Mama Skola, hakuwa amewahi kupanda ndege hata siku moja. Basi nalo hakuliweza, kwa sababu akifika Njombe tu anatapika mpaka maji aliyokunywa juzi. Na huko Dar binti yao Skola, ambaye ni muuguzi, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, akampa jina la bibi yake, Osmunda. Miezi ikapita, bibi hajamwona somo wake ila kwenye picha za simu. Alikuwa ameshanunua mbeleko, kanga nzito nyekundu, ameikunja vizuri na kuiweka sandukuni.

"Baba Skola," alikuwa akimwambia mumewe, "mtoto hakawii. Leo anabebwa, kesho anakimbia. Mimi nataka kumweka mgongoni huyu. Sitaki kuja kumkuta amevaa sare za shule."

"Vumilia, mke wangu. Pointi zinakuja."

Ndiyo, pointi. Shirika lile la ndege lilikuwa na utaratibu wake. Kila safari abiria anaandikiwa pointi, na zikifika elfu mbili anapewa tiketi ya bure. Mzee Haule aliapa kwamba tiketi hiyo ni ya mkewe. Kununua tiketi ya tatu juu ya zile mbili za kila mwezi, duka lisingestahimili. Tatizo ni kwamba kiti chake cha pili kilikuwa hakiandikiwi kitu.

Akaenda kaunta, akamkuta dada mmoja aitwaye Restituta.

"Mwanangu, nimelipia viti viwili. Mbona pointi ni za kimoja?"

"Mzee, pointi anapewa aliyesafiri. Kile kingine kilikuwa kitupu."

"Kitupu? Nusu yangu ilikuwa humo!"

"Nusu ipi, mzee?"

"Ya kushoto."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Restituta naye alijizuia akashindwa. Lakini alikuwa binti mwenye huruma, akalipeleka suala lile kwa wakubwa zake. Mwishoni mwa Aprili jibu likaja: Mzee Haule atapewa pointi za viti vyote viwili, kwa sharti kwamba kiti cha pili kikae kitupu safari nzima.

"Siku akikaa mtu mwingine, pointi za kiti kile hakuna," Restituta alimwambia. "Wasije wakasikia unakipangisha. Na ujue, mwaka ukiisha pointi zote zinafutwa, unaanza upya."

Basi bwana, kuanzia hapo Mzee Haule alikilinda kile kiti kufa na kupona. Akishafunga mkanda wake, anaifungia na kofia. Mtu akikitupia jicho tu, yeye anakohoa. Kila akirudi Songea, Mama Skola anamsubiri nje ya uwanja, kwenye uzio wa waya, na swali lake ni lile lile.

"Zimefika?"

"Bado kidogo."

Ikafika Desemba, safari ya mwisho ya mwaka. Kule Dar mzee alimpakata mjukuu wake, lakini mtoto hakutulia. Alikuwa na miezi ishirini sasa, ameshajua kukimbia, na akibebwa anajinyonganyonga mpaka ashushwe. Mzee Haule alipoona vile moyo ulimuuma. Alipiga hesabu tena: zilibaki pointi mia moja tu, na ndege ya kurudi nyumbani ingempa hizo hizo mia moja, hamsini kwa kila kiti.

"Mwambie mtoto bibi yake anakuja Januari," alimwambia Skola, na Skola kwa furaha akamfungia baba yake vitumbua vya njiani.

Mzee akaingia kwenye ndege, akakaa, akaweka kofia, akaifunga mkanda. Ndege ilikuwa bado haijaondoka. Harufu ya vitumbua ikampanda puani, akasema ngoja nionje kimoja tu. Akafungua kile kifurushi.

Sasa nawe unatujua. Mtu wetu akishika chakula, mdomo unakaribisha wenyewe, hata kabla akili haijaulizwa. Wakati ule ule alikuwa anapita sista mmoja mwembamba, amebeba begi lake.

"Karibu, Sista."

Kila aliyelelewa nyumbani anajua jibu lake. Unasema asante, wewe endelea, unapita zako. Hakuna anayekaribia kwelikweli.

"Asante, nakaribia," akasema Sista. Akaifungua ile kofia mkanda, akampa mwenyewe, akakaa. "Mungu akubariki, mzee wangu. Kiti changu kule nyuma kiyoyozi kinakidondoshea maji, nilikuwa natafuta pa kukaa." Akachukua kitumbua.

Utamwambiaje mtu uliyemkaribisha kwa kinywa chako mwenyewe kwamba hukuwa na maana hiyo? Tena sista? Tena kitumbua kimeshang'atwa?

Mhudumu wa ndege akaja na karatasi yake. Alimjua mzee, na alijua habari za kile kiti.

"Mzee, naona leo kuna mtu hapa. Nikiandika hivi, pointi za hiki zimekwenda. Au nimwombe Sista arudi kwake?"

Sista alisikia. Akaanza kuinuka taratibu, kitumbua mkononi, uso umemshuka. Mzee Haule akaifikiria ile mbeleko nyekundu kule sandukuni. Akamfikiria na mkewe pale kwenye uzio. Lakini kumfukuza mgeni aliyekwisha kumkaribisha, hilo alishindwa kabisa.

"Kaa, Sista," akasema. "Na wewe mwanangu, andika. Huyu ni mgeni wangu."

Ndege ikaruka. Mzee alijikunja, akavuta tumbo ndani, akajiandaa kuteseka. Lakini mawazo yalimzidi hata akasahau kuteseka, akaliachia tumbo. Sista alikula vitumbua vitatu, akashukuru, akalala usingizi wa amani mpaka Songea.

Nje ya uwanja Mama Skola alikuwa amesimama pale pale. Amevaa gauni lake la kanisani, maana siku hiyo alikuwa na uhakika.

"Zimefika?"

Mzee Haule alishindwa hata kumtazama. Akamweleza yote, kitumbua kwa kitumbua. Akamalizia na zile pointi hamsini zilizopungua. "Nisamehe, mke wangu. Nimekukosesha. Tarehe thelathini na moja wanafuta zote."

Akangoja kugombezwa. Mama Skola hakugomba. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio iliyo mbali.

"Huyo sista alikaa wapi?"

"Si nimekwambia? Kwenye kiti changu cha pili."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye cha kwanza. Ningekuwa wapi tena?"

"Kwani hicho cha pili huwa hukijazi?"

Mzee Haule akaona haya. "Kusema kweli, nakijaza robo. Hapo pengine naweka kofia."

"Kofia?"

"Naifunga na mkanda."

Mama Skola akavuta pumzi. "Na leo wewe na Sista mlitosha?"

"Tulitosha. Yeye alilala kabisa."

"Ana mwili gani huyo Sista?"

"Mwembamba tu. Kama..." Mzee Haule akamtazama mkewe, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kandambili.

"Malizia, Baba Skola."

"Kama wewe."

Wakatazamana. Watu wanapita na mizigo yao, teksi zinaita wateja.

"Miezi ishirini," Mama Skola akasema mwishowe. "Miezi ishirini kofia inakwenda Dar na kurudi, mimi niko hapa kwenye waya nakupungia mkono! Mimi nilijua unavijaza vyote viwili. Niliona aibu kukuuliza."

"Na mimi niliona aibu kukwambia kwamba sivijazi," mzee akajibu, na jasho linamtoka.

Mama Skola alitaka kukasirika, Mungu ni shahidi, tena haki alikuwa nayo. Lakini ile picha ya kofia imefungwa mkanda, imetulia, inasafiri, ilimshinda. Akacheka mpaka akashikilia uzio asianguke. Mzee naye akacheka huku anafuta machozi, na ukimuuliza yalikuwa ya nini, hata yeye hajui.

Januari wakaenda pamoja kaunta. Mzee akalipia viti viwili vile vile, na kwenye cha pili yakaandikwa majina ya Mama Skola.

"Mama, na wewe nikufungulie pointi zako?" Restituta akauliza.

"Hapana, mwanangu. Ziandike kwa hiyo kofia, imesafiri kuliko mimi."

Ndani ya ndege Mama Skola alikaa dirishani, ile mbeleko mapajani. Kofia ilikuwa juu ya magoti ya mwenyewe, haina mkanda. Kabla hawajaruka, Mzee Haule akafungua vitumbua. Mtu akapita. Mzee akavuta pumzi, na mdomo ukaanza kufunguka wenyewe.

Mama Skola akauziba kwa kiganja. "Leo hukaribishi mtu."

Kule Dar mtoto Osmunda alimkimbia bibi yake mara tatu kuzunguka meza. Mara ya nne alichoka, akakubali kubebwa. Alikuwa mzito kwelikweli, na miguu ilining'inia, lakini mbeleko ilimtosha. Alisinzia mgongoni pale pale, na bibi akakataa kumshusha mpaka chakula kilipopoa.

Funzo: Kabla hujajinyima na kuhangaika kumtafutia nafasi mtu unayempenda, tazama kwanza ubavuni mwako. Huenda nafasi yake unayo siku zote, ila umeipa kofia.