Mashine ya Wajawazito na Moyo wa Dereva

Hii ni fupi. Isome taratibu.

Dokta Gwakisa alikuwa mkuu wa chumba cha dharura katika hospitali moja kubwa ya Nyanda za Juu Kusini. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini. Akikuwekea kipimo kifuani alifumba macho, akasikiliza, kisha akatamka ugonjwa wako. Mara nyingi alipatia, na sifa hiyo aliipenda.

Asubuhi moja aliletwa dereva wa lori aitwaye Silwimba, ameegemea bega la mkewe, Elika. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima mbio, na jasho la baridi linamchuruzika.

Dokta akafumba macho, akasikiliza.

"Nimonia," akasema. "Mpeni oksijeni, mtundikieni dripu, muanze sindano. Mama, ondoa wasiwasi."

Elika hakujibu. Alimtazama tu.

Nusu saa ikapita, na Silwimba akawa anazidi kuzama. Midomo ilibadilika rangi. Presha ikawa inashuka. Dokta akajiuliza: Nimonia gani hii, haina homa wala kikohozi? Mashine kubwa ya kupiga picha za mwili ilikuwa jengo la pili, lakini mtu huyu hakuweza kulala chali hata dakika moja, sembuse kusukumwa hadi huko.

Wakati huo Sista Bupe, mkunga, alikuwa anapita na ultrasaundi yake ya magurudumu, ile ya kuwapima wajawazito. Akaona hali ilivyo, akasimama mlangoni.

"Samahani, Dokta. Mwezi uliopita kwenye mafunzo tulionyeshwa namna ya kutazama moyo kwa hii, hapo hapo kitandani. Nijaribu?"

Manesi wawili wakainamisha macho, maana walimjua bosi wao. Dokta alisikia masikio yanamwaka moto. Neno nimonia alishalitamka mbele ya watu, tena alishaliandika kwenye faili. Akamtazama mgonjwa.

"Nilichosema mwanzo huenda sicho," akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Sijui huyu bwana anaumwa nini. Sista, lete mashine."

Silwimba akafumbua jicho moja. "Mashine ya... wajawazito? Mimi?"

"Wewe," Bupe akajibu huku akimpaka jeli. "Ukitulia vizuri nakupa na kadi ya kliniki."

Hata Elika akacheka, huku machozi yanamtoka.

Picha ikatokea. Upande wa kulia wa moyo ulikuwa umetanuka kama puto, umeukandamiza wa kushoto, na ndani yake kitu kirefu kinachezacheza kila moyo unapopiga.

"Bonge la damu," Dokta akanong'ona. "Damu imeganda, na mabonge mengine yameshaziba njia za mapafuni." Akamgeukia Elika. "Mama, alikuwa safari ndefu?"

"Siku nne kwenye foleni ya mpakani, amekaa tu ndani ya lori. Na mguu wa kushoto umemvimba, ila yeye anasema ni uchovu."

"Amepasuliwa karibuni? Amewahi kupata kiharusi, au kutapika damu?"

"Hapana, hata kimoja."

Dokta akamweleza waziwazi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ipo, lakini inaweza kumfanya avuje damu kwingine. Bila dawa hiyo, huenda asifike jioni.

"Mpe," Elika akasema.

Wakampa. Dokta hakuondoka pale kitandani, na Bupe akawa anarudia kupima kila baada ya muda. Saa saba mchana presha ikaanza kupanda. Saa kumi Silwimba aliomba uji, akaletewa, akalalamika kwamba hauna sukari. Katika miaka yake yote Dokta Gwakisa hakuwahi kufurahia malalamiko ya mgonjwa kiasi kile.

Akatoka nje, akamkuta Elika kwenye benchi.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea, nikampotezea mumeo nusu saa. Una haki ya kunilaumu."

Elika akatikisa kichwa.

"Daktari, hukuniuliza, nami sikusema. Hapa ni mahali pa nne. Pa kwanza walisema malaria. Pa pili, vidonda vya tumbo. Pa tatu, pumu. Wote walikuwa na uhakika, na wote walisema haraka, kama wewe. Uliposema nimonia, nilinyamaza kwa sababu moyoni nilikuwa nawaza nitawapigiaje simu ndugu zake."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akatabasamu.

"Uliposema 'sijui', ndipo nikajua mume wangu atapona. Nilisema kimoyomoyo, huyu sasa ndiye atakayemtazama."

Dokta akaketi kando yake kwenye benchi, wote wawili wameridhika, mpaka nesi alipokuja kuuliza nani ataleta sukari.

Mtumie hii mtu mmoja unayemjua ambaye huwa hakosei.

Funzo: Usione aibu kusema "sijui" mbele ya watu. Anayejiona ameshajua huacha kutazama, na huenda uhai wa mwenzako ukategemea kutazamwa mara ya pili.